Dakika Arobaini na Tano za Bi Mwanaidi

Hesabuni watu kabla dereva hajawasha basi, halafu wahesabuni tena akishawasha. Kati ya mara hizo mbili kuna mtu hushuka kwenda chooni, na huyo ndiye atakayewafanya mpige simu ubalozini huku mnatokwa jasho. Naanza na hili kwa sababu wengi wenu hamtavuka ukurasa wa kwanza. Nawajua, nimewafundisha mwenyewe.

Keki ya kuniaga nimekula, nashukuru. Hotuba ya meneja nimeisikia pia. Amezungumzia vyeo nilivyopanda, na kuhusu kazi hakusema neno. Kazi nitaieleza mimi.

Kabla ya kuongoza misafara nilikuwa nauza mikanda na pochi Jules Street, kule Malvern, hapa Johannesburg, kwenye kona yenye robot, yaani taa ya barabarani, isiyowaka. Nilitoka Tanga nikiwa na begi moja na Kiingereza cha shule. Mtaa ule ulinifundisha kwamba bei ya kwanza si bei, na kwamba mtu anayekwambia haiwezekani huku bado amesimama mbele yako, hajamaliza kuzungumza. Mambo haya mawili yamenifaa zaidi ya cheti cha utalii nilichokuja kukipata baadaye, ambacho sijui hata kiko droo gani.

Ofisi yetu mnaijua: Doornfontein, ghorofa ya tatu, juu ya mafundi wa makochi, lifti ya mapambo. Nilipoanza, wateja wetu walikuwa kwaya za makanisa, walimu, na akina mama wa stokvel waliochangishana mpaka safari ikatimia. Safari yao kubwa ilikuwa Ujerumani. Kwaya zilitaka makanisa ya kale, walimu walitaka Ukuta wa Berlin, akina mama walitaka kuona kama mambo ni kama walivyoambiwa. Wote wakaishia kutembea kutoka mnara mpaka mnara, kutoka jiwe la kumbukumbu mpaka jiwe la kumbukumbu, wakinifuata mimi, nami nikimfuata Mama Fifi.

Mama Fifi alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mnene, mpole wa uso, mkali wa ulimi. Kazi yote nimeipata kwake. Wenzetu wa ofisi nyingine walibeba miavuli ya rangi ili watu wawafuate. Yeye alifunga kipande cha kitenge kwenye mpini wa ufagio. Kwenye uwanja wenye miavuli mia, ufagio wake ulikuwa mmoja tu. Mfukoni aliweka sindano na uzi, orodha ya majina ndani ya plastiki, na chupa ya pilipili kwa ajili ya wale ambao siku ya tatu wangeanza kulia juu ya viazi.

"Weye, hesabia viatu," aliniambia siku yangu ya kwanza. "Kichwa kinavaa kofia ya mwingine. Mais kiatu, kinajulikana ni ya nani."

Siku hiyo hiyo nilipoteza mtu. Tulikuwa Berlin, kwenye ule uwanja wa kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa, wenye nguzo za zege za kijivu zilizopangwa safu kwa safu. Ukianza kuingia zinakufika magotini, ukizidi kuingia zinakupita kichwa. Waliingia ishirini na wawili, wakatoka ishirini na mmoja. Nikahesabu viatu. Jozi ishirini na nusu, kwa sababu mzee mmoja alikuwa amevua kimoja kutoa kokoto. Aliyekosekana alikuwa mwimbaji wa sauti nzito wa kwaya. Nikajaza kifua hewa, nikaanza kumwita kwa sauti ile ile niliyouzia mikanda.

Mama Fifi alinifunga mdomo kwa kiganja.

"Hapa hatuitane. Hapa tunangoja."

Tukangoja dakika kumi na moja. Mwimbaji akatoka upande mwingine, uso umemlegea, hana hata utani.

"Nilibaki peke yangu," akasema. "Nikaogopa."

"Bon," Mama Fifi akamjibu. "Basi umepaona vizuri."

Yeye ndiye pia aliyenionyesha vibao vidogo vya shaba vilivyochimbiwa kwenye njia za waenda kwa miguu, mbele ya nyumba za watu. Kila kibao kina jina la mtu mmoja aliyekuwa akiishi hapo, mwaka aliozaliwa, alikopelekwa, na mara nyingi siku aliyouawa. Kibao kimoja, mtu mmoja, hata mtoto. Katika mtaa mmoja nilihesabu kumi na tisa. Nikarudi nikahesabu tena, kumi na tisa. Waliokuwa wakiishi pale wanastahili kila herufi, na sina la kupunguza hapo. Lakini vibao vile vilinipa jambo la kulifikiria ambalo halijanitoka mpaka leo: watu wa nchi ile wanajua kuandika jina la marehemu. Wakitaka, wanajua.

Mama Fifi alipoacha kazi, ufagio akaniachia mimi. Miaka kadhaa baadaye nikakutana na jiwe moja, kaskazini mwa Ujerumani.

Lazima mwelewe kanuni moja ya mabasi ya kule. Dereva akiendesha saa nne na nusu, sheria inamtaka apumzike dakika arobaini na tano. Kuna mashine ndani ya basi inayomwandika, na haihongeki. Siku hiyo kituo cha barabara kuu kilikuwa kimejaa, hivyo dereva wetu, Uwe, akatoka na kuegesha kwenye mji mdogo, karibu na bustani ya watu kupumzikia. Uwe ni mtu wa maneno machache. Kwa miaka yote niliyofanya naye kazi hajawahi kusema asichoulizwa.

Nikaenda kutafuta choo, nikakuta jiwe. Refu, lina tai juu, limeandikwa majina ya Wajerumani waliokufa Afrika Mashariki katika ile vita kuu ya kwanza, ambayo bibi zetu Tanga waliiita vita ya Mdachi. Nilihesabu majina thelathini na manne. Nikahesabu tena. Chini yake ulikuwapo mstari mmoja. Nikamwita Uwe anisomee.

"Na askari wao waaminifu," akasema kwa Kiingereza.

"Wangapi?"

"Haikuandikwa."

"Majina?"

"Hapana."

"Na wapagazi? Waliobeba mizinga na unga na vitanda vya hawa thelathini na wanne?"

Uwe alilizunguka jiwe lote taratibu, akarudi.

"Nyuma hakuna kitu," akasema.

Niliporudi Johannesburg nilisimulia habari hiyo kwenye shughuli ya hitima mtaa wa La Rochelle, tukiwa jikoni tunamenya vitunguu. Kulikuwa na bibi mmoja, Bi Mwanaidi, mtu wa Pangani, aliyeishi chumba cha kupanga pale pale na kuuza vitumbua. Kisu chake kikasimama.

"Zuhura mwanangu, jiwe hilo lina watu wa Pangani?"

"Halina mtu wa popote kwetu, bibi. Lina mstari."

Ndipo akatueleza. Babu yake mzaa baba, Mbaruku bin Kombo, alichukuliwa kubebea jeshi la Mdachi mizigo wakati baba yake Bi Mwanaidi bado ananyonya. Hakurudi, na hakuna aliyekuja kusema alianguka wapi. Kila mwezi wa Shaabani, watu wa Pangani walipokwenda makaburini kuzuru wazee wao, baba yake alikwenda na marashi, akasimama langoni, kisha akarudi nayo, kwa sababu hakuwa na kaburi la kuyamwagia. Alifanya hivyo mpaka akafa.

"Mimi nina miaka sabini na tatu," akasema, "na magoti haya. Nataka nimsomee Yasini mahali ambapo Mdachi mwenyewe amekiri kwamba alikuwa naye. Huo mstari unatosha."

Akajiandikisha msafara uliofuata.

Mwezi mmoja kabla ya kuondoka, meneja aliniita. Watu wasiojulikana walikuwa wamelimwagia jiwe lile rangi nyekundu, na wakala wetu wa Ujerumani alikuwa ameandika kwamba vikundi visisimame pale tena. Meneja alichukua kalamu akapiga mstari kwenye ratiba, juu ya kituo nilichokuwa nimekiongeza.

"Hatusimami hapo, sawa Sis' Zuhura?"

"Sharp," nikasema, ile sawa ya mtaani. Mtu wa Jules Street anajua kwamba sharp si ahadi.

Kisha nikaenda La Rochelle kupatana na Bi Mwanaidi.

"Udi hapana, bibi. Moto hatuwashi kwenye bustani ya watu."

"Ubani kidogo?"

"Ubani pia ni moto."

"Na marashi?"

"Chupa za mililita mia. Na mrashi uingie kwenye begi kubwa, tusije tukaulizwa uwanja wa ndege kama ni bomu."

"Mrashi wa mama yangu, bomu! Hao watu hawajawahi kualikwa harusini?"

Nikampima pia kisomo chake, nimekaa kitandani na saa mkononi. Yasini yake ya moyoni ilichukua dakika kumi na nane. Nikamwambia asome tena. Kumi na nane.

Siku ilipofika, nilikaa kiti cha mbele, nyuma ya Uwe.

"Unapumzika wapi leo?"

"Kituo cha barabara kuu. Kilomita kumi."

"Kahawa ya pale mbaya."

"Mbaya."

"Ule mji mdogo una duka la mikate."

Uwe alitazama kioo cha juu. Bi Mwanaidi alikuwa amejifunga kanga juu ya koti, begi kifuani, anasogeza midomo bila sauti. Uwe akawasha taa ya kutoka barabarani.

"Mkate wa pale mzuri," akasema.

Dakika arobaini na tano. Kwa magoti ya Bi Mwanaidi, kutoka basi mpaka jiwe ni dakika kumi na mbili, kwenda na kurudi ishirini na nne, zinabaki ishirini na moja. Toa kumi na nane za Yasini, tatu za marashi na salamu. Niliwatangazia wenzake kwamba ni mapumziko ya dereva, duka la mikate ni lile, anayetaka kutembea bustanini atufuate.

"Dada Zuhura, programme inasema leo ni maduka," akalalamika Mchungaji Révérien, Mrundi wa Malvern, fundi wa friji siku za juma na mchungaji Jumapili.

"Duka si lile, mchungaji?"

Akalitazama duka la mikate, akamtazama Bi Mwanaidi na mkongojo wake, akaja. Wakaja na wengine saba.

Mbele ya jiwe Bi Mwanaidi alivua viatu. Akawatolea salamu waliolala, kama tunavyofanya kwetu tukiingia makaburini. Akajaza mrashi, akaanza kulinyunyizia jiwe, chini kabisa, kwenye ule mstari mmoja.

Hapo ndipo kosa letu lilipokuwa, na ni kosa letu sisi, mtu mwingine hawezi kulifanya. Kwetu marashi ni heshima. Kwao, kwenye jiwe ambalo ukingo wake bado ulikuwa na wekundu wa rangi ile, mtu anayelitikisia chombo cha bati chenye maji ni yule yule aliyekuja na rangi. Mtunza bustani aliruka kutoka kwenye mashine yake ya kukatia majani, akaja mbio anapiga kelele. Alikuwa baba mtu mzima, mikono imejaa nyasi. Akaushika mrashi. Bi Mwanaidi hakuuachia. Marashi yakammwagikia mkono wa shati.

Akanusa. Akanusa tena.

"Ni maji ya mawaridi," nikamwambia kwa Kiingereza. "Anamwombea babu yake."

"Hapa hakuna aliyezikwa," akasema. "Hili ni jiwe tu. Si kaburi. Huruhusiwi kumwaga kitu. Lazima kibali cha manispaa."

Nikamtafsiria Bi Mwanaidi. Akamtazama yule baba bila hasira.

"Mwambie, kama hapa hakuna aliyezikwa, na babu yangu hakuzikwa popote, basi tumefika penyewe. Na umuulize: kile kibali cha kumchukua babu yangu Pangani, kilitolewa na manispaa gani?"

Kwa miaka mingi nimetafsiri maneno ya watu nikiyapunguza makali, maana mtalii na mwenyeji wote wanataka kula chakula cha jioni kwa amani. Siku ile sikupunguza hata neno. Yule baba akatoa simu akaita polisi. Bi Mwanaidi akampa mgongo, akaanza Yasini.

Sasa nielezeni mngefanya nini. Katika wale wanane, watatu walikuwa Warundi wanaosafiri kwa hati za wakimbizi. Mtu wa hati hiyo akiandikwa na polisi nchi ya watu, hata kwa kosa la kukanyaga ua, analala macho wazi mwaka mzima. Nikawarudisha kwenye basi wote, haraka. Mchungaji Révérien akakataa.

"Mchungaji, hati yako."

"Naijua hati yangu, dada, ndiyo mimi nilipanga foleni yake. Lakini hawa Wadachi na kwetu Burundi walifika. Babu zetu pia walibeba." Akavua kofia. "Mimi niko kaburini. Nani anakimbia kaburini?"

Polisi alikuja mwanamke, kijana, peke yake. Alimsikiliza mtunza bustani, kisha akaniambia nimwambie bibi anyamaze. Zilibaki dakika sita za Uwe. Yasini ilikuwa imepita nusu.

"Tupatane," nikamwambia. "Mwache amalize, nami nitakupa chochote unachotaka. Pasi, majina, saini. Ukimkatisha, utapata watu wawili wasiojua Kiingereza wala Kijerumani."

"Lakini wewe unazungumza nami sasa."

"Nitasahau."

Akamtazama mtunza bustani. Yule baba alikuwa ameuleta mkono wa shati puani, akaushusha haraka kama mtu aliyekutwa anaonja mboga ya wageni.

"Muda gani?" polisi akauliza.

"Dakika saba."

"Tano."

"Saba. Nimempima mara mbili."

Akasimama kando, mikono mgongoni. Mashine ya kukatia majani ilikuwa bado inanguruma. Mtunza bustani akaenda akaizima mwenyewe, hakuna aliyemwomba. Bi Mwanaidi hakuharakisha na hakuchelewesha. Alipomaliza aliinua mikono akaomba, akapangusa uso, akavaa viatu.

"Majina," polisi akasema, daftari wazi.

Nikampa langu. Mchungaji akataka kutoa lake, nikamkanyaga mguu, nikasema huyu ni mpita njia. Bi Mwanaidi akatoa lake. Kisha akaweka kidole kwenye daftari la yule binti, mstari wa tatu.

"Na hapa aandike: Mbaruku bin Kombo, mpagazi, wa Pangani."

"Ni nani huyu? Yuko kwenye kikundi?"

"Ndiye tuliyemfuata," nikasema.

Polisi aliinua kalamu akatazama jiwe. Akayasoma yale majina kuanzia juu, midomo ikisogea. Akafika kwenye mstari wa chini uliolowa. Kisha akaandika, akamgeuzia Bi Mwanaidi daftari ahakikishe. Bi Mwanaidi akamrekebisha kidogo, polisi akaandika upya.

Basini tulifika dakika ya sitini na tano. Nikamwomba Uwe radhi. Akasema kupumzika pungufu ndilo kosa, kupumzika zaidi si kosa. Akanipa mkate.

Barua ilifika Johannesburg baada ya wiki sita. Ilitoka manispaa ya mji ule, kupitia kwa wakala, ina muhuri na saini. Ilisema kwamba watu wafuatao walifanya ibada bila kibali kwenye mnara wa kumbukumbu na wanapewa onyo. Kulikuwa na majina matatu. La tatu lilikuwa Mbaruku bin Kombo, mpagazi, wa Pangani.

Nilimpelekea Bi Mwanaidi nakala. Alinifanya nimsomee nimesimama. Alikata shauri kwamba iwekwe kwenye fremu, ikatundikwa juu ya kitanda chake La Rochelle, na kila aliyekuja kununua vitumbua aliingizwa ndani kusomewa onyo.

Meneja, kwa upande wake, alikuwa ameandika jibu. Alinikalisha ofisini, akanisogezea. Barua ilikuwa ya adabu sana. Iliomba radhi kwa niaba ya kampuni. Iliahidi kwamba haitatokea tena. Mwishoni ilisema kwamba jina la tatu liliingizwa kimakosa, kwamba mtu huyo hakuwa msafiri wetu, na kwamba tunaomba lifutwe kwenye kumbukumbu zao.

"Weka saini hapa, tumalize," akasema. "Ukikataa, safari za Ujerumani sikupi tena."

"Kuomba radhi nitaomba. Kwa marashi, kwa kelele, kwa kumkanyaga mchungaji. Hilo la mwisho litoe."

"Sis' Zuhura, eish. Huyu mtu amekufa miaka mia iliyopita! Anapewaje onyo?"

"Waulize waliompa."

"Ni makosa ya kiofisi tu. Jina moja."

Nikaisoma tena tangu juu, maana ndivyo nilivyo. Nikairudisha bila saini. Misimu miwili nikapelekwa kuongoza vikundi vya Cape Town na Durban, nikihesabu watu ambao hata wakipotea wanaweza kurudi nyumbani kwa teksi. Sikulalamika. Barua ya kuomba lifutwe haikwenda, kwa kuwa bila saini yangu, mimi kiongozi wa msafara, ilikuwa haina maana, na jina limebaki huko huko lilikoandikwa.

Kisha wateja wa La Rochelle na Malvern wakaanza kuulizia safari ya Zuhura, ile inayopita kwenye jiwe, na meneja akakumbuka kwamba ananihitaji. Nimepita pale mara nyingi tangu hapo. Kila mara dereva amechoka karibu na mji ule ule, na kila mara yumo mtu mwenye jina la kutaja.

Kwenye ratiba yenu mpya kituo hicho hakimo. Nimeiona, kimepigwa mstari tena, safari hii kwa kompyuta. Simameni. Mkija kuulizwa nani aliruhusu, toeni jina langu, lote, waliandike. Mimi nimeshastaafu, hawana safari ya kuninyima.